Sataranji ya mashindano: kompyuta inalaumiwa kwa lipi?

Mwaka 2018 mjini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walikutana mara 12 kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji, na mara zote 12 wakatoka sare. Ikabidi bingwa apatikane kwa michezo ya haraka, ambako Carlsen alishinda 3-0. Tangu hapo ile kauli kwamba kompyuta imeiua sataranji ya muda mrefu haina tena wa kuipinga, angalau si kwa sauti.

Wanaolalamika hawasemi uongo. Mashine ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kule New York mwaka 1997 ilikuwa mali ya kampuni kubwa. Leo programu ya bure kwenye simu ina nguvu kuipita. Wachezaji wa juu huingia ukumbini wakiwa wamekariri hatua 20 au zaidi, na kuna siku pambano zima huisha kabla hata mmoja wao hajaanza kufikiri mwenyewe. Carlsen alipoamua mwaka 2022 kutotetea taji lake, alisema hamu imemwisha. Siku hizi anaipigia debe aina ya mchezo aliyoitangaza Mmarekani Bobby Fischer, bingwa wa zamani, mwaka 1996, ambamo kete za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu ili kukariri kusisaidie kitu. Juu ya hayo kuna udanganyifu: simu chooni inatosha kumgeuza mchezaji wa kawaida kuwa gwiji, kwa hiyo sasa kila ushindi usiotarajiwa hutiliwa shaka, hata pasipo ushahidi wowote.

Hoja ya sare, hata hivyo, naiona dhaifu. Kule Curaçao mwaka 1962, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Petrosian, Geller na Keres, wote wa Umoja wa Kisovieti, walicheza wao kwa wao mara 12 na mara zote wakagawana pointi. Fischer akalalamika hadharani kwamba wamekula njama, na FIDE, shirikisho la dunia, ikabadili utaratibu wa kumpata mpinzani wa bingwa. Mwaka 1984 Moscow, Karpov na Kasparov, wakiwania taji la dunia, walifululiza sare 17. Pambano hilo la anayetangulia kushinda mara sita lilisimamishwa Februari 1985 na rais wa FIDE, Florencio Campomanes, baada ya michezo 48 ambayo 40 kati yake ilikuwa sare. Hapakuwa na injini, yaani programu ya kuchambua michezo, ya kulaumu. Zilikuwa kanuni mbovu, na watu wenye sababu za kutohatarisha. Na Singapore mwaka 2024, katika zama hizihizi za kukariri, michezo 5 kati ya 14 ya kuwania taji la dunia baina ya Gukesh wa India na Ding Liren wa China ilipata mshindi. Wa mwisho ukaamuliwa na kosa la Ding, aliyesogeza ngome mahali pabaya akiwa amechoka. Kosa la kibinadamu kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kompyuta ililiua kweli, na halitajwi sana. Zamani pambano lisipokwisha katika kikao cha kwanza liliahirishwa. Mchezaji aliandika hatua yake inayofuata kwa siri, ikatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa mwamuzi, kisha kila mtu akaenda hotelini. Huko ndiko kazi ilikofanyika. Mwenye kikosi cha wakufunzi alilala, wao wakakesha wanachambua. Wasovieti walikuwa na vikosi hivyo, vikilipwa na dola. Mtu aliyetoka nchi ndogo alikesha peke yake. Mchezo wa mwisho wa Fischer na Msovieti Spassky, wakiwania taji la dunia mwaka 1972 Reykjavik, liliahirishwa hivyo, na Spassky hakurudi ukumbini: alipiga simu kukubali kushindwa. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilifutwa, kwa kuwa usiku ungekuwa wa mashine. Hasara ipo, maana miisho ya michezo sasa huchezwa na watu waliochoka, sekunde zikiwayoyomea, na uzuri wake umepungua. Lakini faida ya mwenye kikosi usiku ule nayo ilikwenda, na mimi siilii.

Hapo ndipo watetezi wa kompyuta huanza kushangilia: mlango umefunguka, mtoto wa popote ana mwalimu mfukoni. India ndiyo mfano wao. Ajabu ni kwamba Gukesh, aliyetwaa taji akiwa na miaka 18, alilelewa na kocha Vishnu Prasanna aliyemzuia makusudi kutumia injini kwa miaka mingi. Alichokuwa nacho katika mji wake wa Chennai ni makocha, mashindano ya kila mara, na wapinzani wakali jirani.

Kwa hiyo nguvu ninayoiona nzito kuliko kompyuta ni ile ya kimyakimya: pointi za Elo, yaani alama zinazopima nguvu ya mchezaji, ambazo FIDE ilianza kuzitumia mwaka 1970, pamoja na masharti ya vyeo. Pointi kwa sehemu kubwa hazizaliwi mezani, hupokonywa. Wanaocheza wenyewe kwa wenyewe huzungusha zilezile, hata wakiwa wameimarika. Machi 2024 FIDE ilibidi iwapandishe kwa mkupuo wote waliokuwa chini ya 2000. Ili uwe grandimasta, cheo cha juu kabisa, unahitaji kufikisha 2500 na kupata nomu tatu, yaani matokeo ya kiwango cha grandimasta katika mashindano, na kwa kawaida kila nomu inadai ukutane na grandimasta wasiopungua watatu. Amon Simutowe wa Zambia, aliyetambuliwa kuwa grandimasta mwaka 2009, alikuwa ameshasoma na kucheza Marekani na Ulaya.

Kwa shirikisho la Kenya au Tanzania, programu ya kuchambulia michezo si gharama tena. Gharama ni kuwaleta grandimasta watatu Nairobi au Dar es Salaam, kuwalipia ndege, hoteli na posho, kisha kurudia hivyo mpaka nomu zitimie.