Tupeni maabara likizo ya Agosti

Agosti mwaka jana, siku ya tatu ya mafunzo ya likizo, walimu kumi na wawili wa Kemia tulijikuta tumezunguka meza moja ya maabara, mvua ya alasiri inapiga mabati, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Shule yenyewe haiko mbali na mji wa Kakamega. Mezani palikuwa na bureti mbili, yaani mirija ya kupimia na kudondoshea asidi, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, viashiria vya aina mbili vya kubadili rangi alkali inapokwisha, na chupa ya plastiki yenye musherekha niliyokuwa nimepewa na mama.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa na jiko la Kiluhya, musherekha ni maji ya majivu. Maharagwe yakishapurwa, maganda makavu huchomwa, majivu yakatiwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, kisha maji yakamiminwa juu pole pole. Kinachodondoka kina rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na kinateleza vidoleni kama sabuni. Kijiko kimoja ndani ya sufuria ya mrenda au likhubi, mboga inalainika. Kwa lugha ya darasani hiyo ni alkali, na sehemu yake kubwa ni kaboneti ya potasiamu.

Kazi tuliyopewa ilionekana ya kidato cha tatu. Tafuta kwa titresheni ni asidi kiasi gani inayotosha kuimaliza alkali iliyo ndani ya musherekha. Tuliizimua kwanza kwa maji, maana rangi yake ingemeza rangi ya kiashiria. Nusu yetu tukapewa methili oranji, nusu ya pili fenofthalini. Madam mmoja kutoka Vihiga, mwenye miaka kumi na minane darasani, ndiye aliyeita wa kwanza: rangi ya waridi imetoweka, mililita 9.6. Kundi letu bado lilikuwa linadondosha. Tukapita 10, tukapita 15, manjano iko pale pale. Ilipogeuka tulikuwa 19.4.

"Mwalimu, mmekosea pipeti," Madam akasema.

Tukarudia. Tukabadilishana bureti, tukabadilishana hata meza. Fenofthalini iling'ang'ania karibu 10, methili oranji karibu 20. Musherekha ileile, asidi ileile.

Hapo ndipo watu walipochangamka. Watu wazima wenye digrii walibishana, wakachora ubaoni, wakafuta, mmoja akalaumu majivu, mwingine akalaumu maji ya tangi la shule. Aliyekuwa akituongoza, mwalimu mwenzetu wa darasani kama sisi, alikataa katakata kutuambia. Alikaa dirishani anakunywa chai. Ilichukua karibu saa nzima kabla hatujaliona: kaboneti hupokea asidi kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huigeuza kuwa haidrojeni kaboneti, na papo hapo fenofthalini hupoteza rangi. Hatua ya pili ndiyo inayotoa gesi ya kaboni dioksidi, na methili oranji hungoja mpaka hiyo nayo iishe. Kiashiria kimoja kilikuwa kinasoma nusu ya safari, kingine safari nzima, ndiyo maana tarakimu moja ilikuwa karibu maradufu ya nyingine.

Sote tulilisoma jambo hilo chuoni. Nina hakika wengi wetu tumelifundisha. Lakini sura ya Madam alipolielewa, chaki mkononi, anacheka peke yake, ilikuwa sura ya mtu aliyekutana nalo mara ya kwanza.

Naandika haya kwa sababu Agosti nyingine imekaribia na barua za mafunzo zimeanza kufika shuleni. Nina ombi kwa wanaoyapanga. Mwalimu wa sayansi au hisabati akiitwa likizoni, akalishwe kwenye kiti cha mwanafunzi, apewe swali linalostahili miaka yake ya kazi, aachwe akwame, na asitolewe hapo mpaka ajitoe. Hotuba za ufunguzi, sera na ratiba mnaweza kututumia kwa simu. Tutasoma.

Aina ile nyingine ya mafunzo naijua vizuri. Miaka michache iliyopita tuliitwa katika ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa, projekta inanguruma. Mwezeshaji alitusomea slaidi kuhusu umuhimu wa kujifunza kwa vitendo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na kwa siku tatu hakuna aliyeshika hata tyubu moja ya majaribio. Chakula kilikuwa kizuri. Siku ya mwisho tukapigwa picha na vyeti. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikafundisha vilevile nilivyofundisha mwaka uliotangulia, kwa kuwa sikuwa nimerudi na kitu. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Nilikuwa nimeacha mahindi shambani na watoto nyumbani, na nilipofungua kabati letu la kemikali nikakuta chupa ya methili oranji imebaki matone.

Sisi wa magharibi tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema hili, kwa sababu njia bora ilipita kwetu mapema. Mradi wa SMASSE ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, ili kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili, ulijaribiwa kwanza katika wilaya tisa. Tatu kati ya hizo zilikuwa za huku: Kakamega, Butere-Mumias na Lugari. Mwaka 2003 ukaenea nchi nzima, na kituo chake cha Karen, Nairobi, ndicho CEMASTEA ya leo, kituo cha taifa cha kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi. Mimi niliingia darasani mwaka 2004, nikaukuta umepamba moto. Walimu wakongwe walinung'unikia marupurupu na likizo zao zilizoliwa, nami nikanung'unika nao. Hata hivyo, ni huko nilikojifunza kuponda petali za hibiskasi ndani ya spiriti nikapata kiashiria cha bure. Ni huko nilikosikia mara ya kwanza kwamba somo linapangwa, linatendwa, linatazamwa, kisha linaboreshwa, na kwamba mwalimu asiye na kifaa anaweza kukibuni.

Kulikuwa na kasoro, na nadhani bado tunairudia. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, na wa wilaya wakatufunza sisi. Maji yaliyopita mifereji mingi hufika haba. Jaribio lililofanywa kwa mikono kule juu lilifika kwetu wakati mwingine likiwa maelezo ya jaribio. Kisha tuliporudi shuleni, kwangu mimi hakuja mtu kutazama kama nimebadilika. Miaka ishirini na zaidi baadaye nasikia watu wakisema mafunzo ya likizo hayasaidii, na kila mara nataka kuwauliza walifunzwa wakiwa wamekaa au wamesimama.

Mwaka huu jambo hili lina uzito zaidi. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari pevu Januari 2026, na serikali imesema inataka takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwalimu yuleyule anayewapokea hao bado ana kidato cha tatu na cha nne wa mtaala wa zamani wa 8-4-4, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE ni mwaka 2027. Asubuhi anafundisha mtaala mmoja, baada ya chakula cha mchana anafundisha mwingine. Mtaala mpya unamtaka mwanafunzi achunguze, abuni, atetee alichokipata. Nani alimpa mwalimu wake nafasi ya kufanya hivyo hata mara moja? Katika shule nyingi za kutwa za huku kwetu, chumba kinachoitwa maabara ndicho pia maktaba na ukumbi wa mikutano ya wazazi.

Marekani wana kozi za ngazi ya juu za shule ya upili zinazoitwa Advanced Placement, Kemia na Kalkulasi zikiwemo, na walimu wake huenda mafunzo ya takriban wiki moja wakati wa kiangazi. Sitaki tuige mfumo wao, mazingira yetu ni mengine. Ninachokitamani ni kimoja tu: kwa kawaida anayewafunza ni mwalimu mzoefu wa kozi ileile, mtu anayejua pale wanafunzi wanapojikwaa kwa sababu amewaona wakijikwaa. Watu wa namna hiyo tunao. Kila Novemba wanatoka shule zetu kwenda kusahihisha KCSE, wanasoma maelfu ya makosa ya watoto wa nchi hii, halafu Agosti tunawaketisha safu ya nyuma wasomewe slaidi.

Nisiwasahau wenzetu wa Hisabati. Katika mafunzo hayohayo ya mwaka jana, walipanda matatu siku ya nne wakaenda Maseno, penye alama ya ikweta kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mada ya longitudo na latitudo huwatesa watoto wa kidato cha nne, na sisi tumeigeuza kuwa fomula ya kukariri: zidisha kwa 60, zidisha kwa kosaini, andika jibu. Basi wakaambiwa waweke fomula kando. Mji wa Nanyuki nao uko juu ya mstari huohuo. Simu iliwapa longitudo: Maseno karibu nyuzi 34.6 mashariki, Nanyuki karibu 37.1. Tofauti ni nyuzi 2.5, yaani maili 150 za baharini, kama kilomita 278. Na kwa kuwa dunia huzunguka uzi mmoja kila dakika nne, jua linapaswa kufika Nanyuki dakika kumi kabla halijafika Maseno.

Mmoja wao ana dada anayeishi Nanyuki. Wakakubaliana kila upande usimamishe kijiti wima na kuandika saa kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Maseno kivuli hicho kilikuja karibu saa saba kasorobo mchana, na wengine wakadhani kijiti kimepinda. Walikuwa wamesahau kwamba saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45, iliyo mbali mashariki mwetu, kwa hiyo jua la magharibi mwa Kenya huchelewa kwa zaidi ya dakika arobaini. Kivuli chenyewe kilielekea kusini, kwa sababu mwezi wa Agosti jua huwa kaskazini ya ikweta, na hilo nalo likazua mjadala wake. Nanyuki ilitangulia kama walivyotarajia, ila mawingu yaliwasumbua na tofauti waliyopata ilikuwa dakika kumi na tatu badala ya kumi. Nasikia walibishana kuhusu hizo dakika tatu njia nzima, mpaka makanga akawaomba washushe sauti.

Wapo wanaosema likizo ni ya kupumzika, na wana haki. Mwalimu aliyechoka hafundishiki. TSC, tume inayotuajiri, ilipozindua mafunzo ya TPD ya kuwaendeleza walimu kitaaluma mwaka 2021 walimu waliambiwa wajilipie, na chama cha walimu cha KNUT kikapinga; mimi pia sioni kwa nini nilipe ili nifanye kazi niliyoajiriwa. Kwa hiyo sidai wiki tatu. Nadai siku tano. Siku tano katika shule ya karibu yenye maabara inayofanya kazi, watu wasiozidi kumi na watano, nauli na chakula vikiwa vimelipiwa, kiongozi akiwa mwalimu wa somo hilohilo. Pesa za ukumbi na vitambaa vya viti zinunue asidi na bureti zitakazobaki pale sisi tukiondoka. Halafu muhula wa tatu aje mtu, hata mara moja, akae nyuma ya darasa langu atazame, na tukimaliza tuzungumze. Mwaka jana sehemu hiyo ya mwisho haikufanyika, na ndiyo ninayoihofia zaidi mwaka huu.

Kwa kuwa hakuja mtu, tulifuatiliana wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa Septemba Madam wa Vihiga alinipigia simu usiku, bila hata kuulizia hali ya nyumbani. Wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wamekuja na musherekha kutoka kwao, chupa kumi na moja, na hakuna mbili zilizolingana nguvu. Msichana mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani alisimama akaeleza kwamba bibi yake hupitisha maji yaleyale kwenye majivu mara mbili, ndiyo maana yake ilikunywa asidi kuliko zote. Kisha akaomba kiashiria cha pili ili ahakikishe.

Mama amekwisha niwekea gunia la maganda ya maharagwe ya Julai nyuma ya jiko. Ameniuliza kama walimu wa mwaka huu watakuwa wengi kuliko wa mwaka jana, ajue achome kiasi gani.