Lenzi haina kazi ikiwa kabatini

Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nilikuwa na mwanafunzi wa Darasa la Nne, mwenye ualbino, aliyesoma pua ikikaribia kugusa ukurasa. Kila nikipita dawatini pake namwambia, "Inua kichwa mwanangu, utaharibu macho." Anainua, na kusoma kunaishia hapo. Najuta hadi leo.

Kumbe ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kukuza herufi. Kitabu kikisogezwa kutoka sentimita 40 hadi 10, maandishi yanaonekana makubwa mara nne, na hakuna jicho linaloharibika kwa kusogeza kitabu. Kwa mwenye ualbino, ile sehemu ndogo nyuma ya jicho inayoshika maandishi madogo haikukua ikakamilika, na macho yenyewe huchezacheza. Ndiyo maana miwani humsaidia kiasi tu.

Baadaye alipelekwa kliniki ya macho, akarudi na vitu viwili: lenzi ya kuba, nene kama nusu ya mpira wa kioo, na darubini ndogo ya kushika mkononi kwa ajili ya ubao. Alikuwa amezoea kusoma nusu ya neno na kubahatisha iliyobaki. Siku ile aliituliza kuba juu ya ukurasa, akaiburuza taratibu, akasoma mstari mzima. Akarudi mwanzo, akausoma tena, safari hii kwa sauti.

Wiki haikuisha, vifaa vikafungiwa kabatini. "Visipotee, ni ghali." Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja; asipofika, mtoto hasomi. Jioni anaondoka mikono mitupu, na kazi ya nyumbani anayo. Mimi navaa miwani, na hakuna mkuu wa shule aliyewahi kunifungia ili isipotee.

Darubini nayo inataka kufundishwa. Kadiri inavyokuza ndivyo inavyoonyesha eneo dogo, kwa hiyo mtoto hupotea ubaoni. Tulianza na picha ukutani, tukaja kwenye neno moja, kisha kufuata mstari hadi mwisho na kushukia unaofuata. Dakika kumi kila asubuhi. Nilimketisha mbele, dirisha likiwa nyuma yake kwa sababu mwanga mkali humchoma, na nikajizoeza kusoma kwa sauti kila ninachoandika.

Wapo watoto wenye uoni hafifu wanaopelekwa moja kwa moja kwenye nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, wakaishia kuzisoma zile nukta kwa macho! Anayezihitaji apewe, hasa ambaye uoni wake unazidi kupungua. Lakini apimwe kwanza, na ajaribishwe lenzi.

Kuhusu lile kabati, nilimwita mama yake tukazungumza na mkuu wa shule. Mama akashona mfuko wa kitambaa wa kuvaa shingoni. Hadi mwaka unakwisha, kuba ilikuwa na mikwaruzo miwili, na haikuwa imepotea.