Usimfiche Daktari Unachokunywa Nyumbani

Wiki hizi kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye magrupu ya simu. Mimi umenifikia kutoka kwa watu wasiofahamiana kabisa. Anayeongea ni mama mwenye sauti ya upole, anakwenda taratibu kama mtu anayemwombea mgonjwa dua. Anausifu unga wa mizizi na majani: unashusha presha, unaweka sukari sawa, unalainisha viungo, unaondoa uchovu, unasafisha damu. Mpaka hapo sikushtuka, matangazo ya namna hiyo tumeyazoea. Kilichonipandisha hasira ni maneno yake ya mwisho: "Dawa zako za hospitali endelea nazo. Hii ni ya asili, haina kemikali, haina madhara. Ila usimwambie daktari, maana atakukataza tu."

Usimwambie daktari! Katika yote aliyoyasema, hayo ndiyo yanayoweza kumzika mtu, na ndiyo aliyoyasema kwa upole kuliko yote.

Niseme mapema nilipo. Mimi si adui wa mitishamba. Nikipata kichefuchefu nakunywa tangawizi, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu hata tafiti zilizofanywa kwa wajawazito zimeonyesha inapunguza kichefuchefu. Anayedharau mimea hajui kabati lake la dawa limetoka wapi. Kwinini ilitolewa kwenye magome ya mti wa cinchona na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Mofini inatoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni. Vincristine, ambayo imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu, ilipatikana kwenye ua la Madagaska ambalo wengi wanalipanda kwa ajili ya uzuri wake tu. Kwa hiyo mtu akiniambia majani hayatibu, namwona hajasoma.

Lakini hapo hapo ndipo ninapogombana na yule mama wa kwenye simu. Mmea wenye nguvu ya kushusha presha una nguvu ya kuishusha kupita kiasi. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering aliandika kuhusu ua la foxglove, baada ya kulitumia kwa wagonjwa wake kwa takriban miaka 10. Aliona watu waliovimba miguu kwa ugonjwa wa moyo wakipata nafuu. Aliandika pia, bila kuficha, kinachotokea dozi ikizidi: mgonjwa anatapika, anaona vitu kwa rangi ya kijani na njano, mapigo ya moyo yanapungua mpaka 35 kwa dakika, jasho la baridi, degedege, kifo. Ni jani lile lile. Tofauti ilikuwa kiasi, na kati ya kiasi kinachotibu na kinachoua palikuwa padogo mno. Withering alilipenda jani lake, na kwa sababu alilipenda aliliogopa. Anayeuza unga na kuapa kwamba hauna madhara yoyote, ama unga wake hauna kitu ndani, ama hajui anachouza.

Sasa tuje kwenye hatari ambayo watu hawaioni, ya kuchanganya. Ini na utumbo ndivyo vinavyovunjavunja dawa nyingi tunazomeza. Ukiandikiwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, hesabu hiyo imepigwa kwa kujua mwili utavunja dawa kwa kasi gani. Kuna mimea inayoharakisha kazi hiyo. Kuna mingine inayoizuia, kama juisi ya balungi, ambayo inaweza kufanya baadhi ya dawa za kolesteroli zijae kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia. Ukiharakisha, dawa inatolewa kabla haijafanya kazi. Ukizuia, dozi ya kawaida inageuka kuwa dozi kubwa. Kidonge ni kile kile na saa ni zile zile, ila mwilini mambo yamebadilika, na daktari anayekutibu hana habari.

Mfano unaonikaa kichwani ni wa Zurich, Uswisi. Mwaka 2000 madaktari waliripoti habari ya wagonjwa 2 waliopandikizwa moyo. Mtu aliyepandikizwa kiungo anameza dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ili mwili usikikatae kile kiungo kigeni, na wale walikuwa wakiimeza vizuri. Ghafla mioyo yao mipya ikaanza kukataliwa. Walipopimwa, kiwango cha dawa kwenye damu kilikuwa kimeporomoka. Sababu ilikuwa St John's wort, mmea wenye maua ya njano unaotumiwa sana kwa ajili ya huzuni na wasiwasi. Unauzwa bila cheti cha daktari katika nchi nyingi, na kwa huzuni ya kiasi una ushahidi mzuri tu. Mmea huo ulikuwa umelichochea ini livunje dawa yao haraka. Walipouacha, kiwango kikapanda tena na mambo yakatulia. Mmea huo huo unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na ya dawa za kuzuia damu kuganda. Fikiria dada anayeona hedhi imepitiliza na hajui kwa nini, au mtu ambaye virusi vyake vimepanda wakati hajaruka dozi hata moja na kila mtu kliniki anamwangalia kwa mashaka.

Mama yangu mdogo anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, ile ambayo lazima upimwe damu mara kwa mara. Kipindi fulani fizi zikawa zinatoka damu akipiga mswaki, na mikononi akawa na mabaka ya rangi ya zambarau asiyojua yametoka wapi. Dozi ikapunguzwa, ikarudishwa, ikapunguzwa tena. Kila akiulizwa kama anatumia kitu kingine, alijibu hapana. Ndipo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akamwambia: "Mama, safari ijayo niletee kila unachokunywa nyumbani. Hata alichokupa jirani. Hata cha kwenye kijiko kimoja."

Akaenda na mfuko. Nilikuwepo. Muuguzi akatandika kitambaa cheupe mezani, akatoa kimoja kimoja: kopo la vidonge vya kitunguu saumu, chupa ya ginkgo, dawa ya majani ya mti wa Kichina, iliyobaki nusu, na unga wa kahawia ndani ya kopo lililowahi kuwa la kahawa, halina maandishi yoyote zaidi ya alama ya kidole iliyokauka pembeni ya kifuniko. Alivaa miwani akasoma lebo mpaka yale maandishi madogo ya chini. Akaunusa ule unga, akauangalia kwenye mwanga, akaandika kila kitu kwenye faili. Hakucheka, hakuguna. Kisha akasema: "Hivi viwili vinaweza kuungana na dawa yako, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Huu unga mimi siujui, na wewe huujui. Tuviache vyote, tupime tena." Baada ya muda fizi zikaacha kutoka damu, na vipimo vikatulia.

Njiani nilimuuliza kwa nini miaka yote alikuwa akijibu hapana. Akaniambia kwamba zamani aliwahi kumtajia daktari mmoja mchemsho anaokunywa, yule daktari akacheka, na wanafunzi waliosimama pembeni ya kitanda wakacheka naye. "Niliona aibu mbele ya wale watoto. Nikasema sirudii."

Kicheko kimoja, na mgonjwa akafunga mdomo kwa miaka. Wahudumu wa afya, hili ni lenu, na naliandika kwa uchungu. Mgonjwa anayekutajia mizizi yake anakupa taarifa ya kitabibu, yenye uzito sawa na mzio wa penisilini. Ukimdhihaki hataacha mizizi, ataacha kukuambia. Azimio la Alma-Ata, tamko la kimataifa la afya ya msingi la mwaka 1978, liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wahudumu wa afya ya msingi pale wanapohitajika. Miaka yote hiyo imepita na bado kuna mtu aliyevaa koti jeupe anayekunja uso akisikia neno mitishamba. Yule mama wa kwenye ujumbe wa sauti anafanikiwa kwa sababu anajua mtakavyojibu. "Atakukataza tu" inaaminika kwa kuwa wagonjwa wameshakatazwa bila kuelezwa sababu.

Najua hoja inayokuja: hata dawa za hospitali zina madhara. Ni kweli, sina pa kubishia. Zinaumiza figo, zinaumiza tumbo, nyingine zimeondolewa sokoni baada ya watu kufa. Na kampuni zinazozitengeneza zinatafuta faida kama muuzaji yeyote. Ila kidonge kina jina, kina uzito kwa miligramu, kina namba ya toleo, na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inataja madhara yake. Kikimdhuru mtu, kuna pa kuanzia kutafuta. Kwenye kopo la kahawa unaanzia wapi?

Na kutojua kilichomo kumeshagharimu watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitaka kupungua mwili walipewa mchanganyiko wenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoharibu figo. Zaidi ya wanawake 100 waliathirika. Wengi figo zao zilikufa kabisa, na baadaye baadhi yao wakagundulika na saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, wanaosoma, walioamini kwamba cha asili hakiwezi kuwadhuru.

Dozi nayo ina mambo yake. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria, alisoma maelekezo ya kale ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka mmea wa qinghao kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuambiwa achemshe. Akawaza kwamba huenda joto linaharibu dawa, akaitoa kwa etha, ambayo inachemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata alichokitafuta. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Nampenda sana mama huyu, kwa sababu aliwaheshimu wahenga kiasi cha kuyasoma maneno yao kwa makini, na akayapima. Leo kuna watu wanachemsha artemisia, ndiyo hiyo qinghao, nyumbani na kuinywa kama kinga ya malaria. Shirika la Afya Duniani halikubaliani na matumizi hayo, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye chai hakitabiriki. Dozi pungufu inaweza kuacha vimelea hai, na vimelea vilivyoonja dawa bila kufa ndivyo vinavyojifunza usugu.

Virutubisho vya vidonge sitavisemea sana. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku kabla na mwanzoni mwa ujauzito, inamkinga mtoto na mgongo wazi. Anayekusudia kubeba mimba aitumie. Beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni habari nyingine. Finland waliipima kwa wanaume wavutaji sigara 29,133 wakitarajia ipunguze saratani ya mapafu, na matokeo yaliyotoka mwaka 1994 yalionyesha saratani iliongezeka kwa asilimia 18. Na ninyi mnaomeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, jueni kwamba inaweza kuvuruga vipimo vya maabara, kikiwemo kipimo cha damu kinachotumika kugundua shambulio la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Mtu anafika na maumivu ya kifua, kipimo kinasema yuko salama, na kumbe hayuko. Aliyepima alihitaji tu kuambiwa.

Kwa hiyo nenda kliniki na makopo yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Kama huna lebo, chukua jani, mzizi, au hata picha ya mti, na jina unaloliita wewe na analoliita aliyekupa. Sema unatumia kijiko kikubwa au kidogo, mara ngapi kwa siku, ulianza lini, unachemsha au unaloweka. Daktari akicheka, mwambie kwa adabu: "Dokta, naomba uiandike kwenye faili." Asipoandika, mtafute mfamasia, wengi wao mambo ya kuchanganya dawa wanayajua vizuri kuliko anayekuandikia. Ukiambiwa uache, uliza kwa nini, na uliza kama kuna mmea mwingine usiogombana na dawa zako. Usikatishe dawa ya hospitali ili kuupisha mmea bila kusema, na anayetumia vidonge vya kisukari au presha asiongeze kitu kinachoshusha hivyo hivyo bila kupimwa mara nyingi zaidi.

Wanaosubiri upasuaji wasingoje mpaka asubuhi ya chumba cha upasuaji. Kitunguu saumu cha vidonge, ginkgo na ginseng vinaweza kuongeza kutoka damu, na madaktari wa usingizi wengi hushauri mitishamba iachwe takriban wiki 2 kabla, kwa hiyo sema siku ile ile unapopangiwa tarehe. Na kama ni dharura na mgonjwa hajitambui, ndugu mliomsindikiza ndio mtakaoulizwa. Jueni mapema kopo lake linakaa wapi, mje nalo.