Goti Langu na Heka za Watu

Kuna watu wakisikia mimi ni msimamizi wa mashamba, kitu cha kwanza wananitazama viatu. Wanatafuta hela ilipojificha. Jamani, viatu ndio hivi, vimejaa tope, na hata hilo tope si langu. Lingekuwa na hati, ingesomeka jina la mzee mwenye shamba.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Mzee anakodisha, mpangaji analima, mimi niko katikati nakusanya kodi na kuangalia kila mtu abaki ndani ya mpaka wake. Hapo katikati sasa! Kodi ikichelewa, mzee ananiuliza nimeila na nani. Nikiidai siku yake, wapangaji wanasema mimi ndiye nimemharibu mzee, zamani alikuwa mtu wa watu.

Sababu za kutolipa nimeshazikariri. Mvua isiponyesha, kodi imekaukia shambani. Mvua ikizidi, kodi imesombwa. Mvua ikinyesha vizuri kabisa, nikasema mwaka huu nitapumua, kodi haipo vilevile, kwa kuwa kila mtu kavuna na bei imelala chali. Na kinachoniudhi, huyu wa tatu anasema kweli. Ukimtaka mtu alipe taslimu mara tu baada ya mavuno, unamlazimisha auze wiki ileile ambayo majirani zake wote wanauza.

Nikajifanya mjanja. Nikamshauri mzee achukue fungu la mavuno badala ya pesa, ikiwa mbaya iwe mbaya kwa wote. Akakubali msimu mmoja. Nililala shambani siku nne nikihesabu magunia. Jioni nahesabu, asubuhi yamepungua. Naambiwa mazao yakikauka husinyaa. Najua husinyaa, uzito hushuka kweli. Ila sijawahi kusikia yakisinyaa gunia zima pamoja na kamba yake.

Tukarudi kwenye pesa. Na kwenye mikataba, ambayo mingi ni ya mdomo, na shahidi wa mkataba wa mdomo kwa kawaida ni marehemu. Ya maandishi nayo ina yake. Wiki iliyopita nimeletewa karatasi imekunjwa mara nne, panya kaanzia kwenye mkunjo. Jina la mzee lipo. Dole gumba la mpangaji lipo, limekolea wino mpaka limekuwa kama doa la mafuta. Kiasi kipo. Kipengele cha muda kimo tumboni mwa panya. Mzee anasema ulikuwa mwaka mmoja, mpangaji anasema mitano, na keshapanda miti ya matunda mistari minne, imenyooka utadhani kaipanga kwa rula.

Miti ndiyo inayoninyima usingizi. Mtu wa msimu mmoja apande mti utakaozaa mwaka wa nne, hesabu yake anaijua. Siku ukimwambia atoke, atakuambia sawa, natoka, nilipeni miti yangu. Ndiyo maana mikataba mingi ya kukodi shamba inakataza mazao ya kudumu bila ruhusa ya maandishi. Wetu huenda nao ulikataza. Aulizwe panya.

Kuna mwenzangu mmoja wa kazi hii alitajwa mpaka akageuka neno. Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya lodi mmoja huko Ireland, mwaka 1880. Mavuno yalikuwa mabaya, lodi akapunguza kodi kwa asilimia 10, wapangaji wakataka 25, lodi akakataa, Boycott akatumwa kuwatoa waliogoma. Wakamsusa. Wafanyakazi wakamkimbia, maduka yakakataa kumuuzia, mazao yakabaki shambani mpaka wakaletwa watu kutoka mbali kuvuna huku wanajeshi wakiwalinda. Gharama ya ulinzi ikazidi thamani ya mazao mara nyingi. Jina lake hadi leo ndilo neno la Kiingereza la kususia. Watu humsoma wakamhurumia. Mimi namwonea wivu. Nisusiwe mimi hata wiki moja! Simu yangu inaanza kulia saa kumi na moja alfajiri.

Ya jana ilihusu hatua. Mkataba, mzima kabisa, haukuguswa na panya, unasema heka moja ni hatua 70 kwa 70. Hausemi za nani. Siku ya kukodi alipima mpangaji, mrefu kama mlingoti, hatua yake mita nzima. Heka yake ikatoka mita za mraba 4,900, wakati heka ya kweli ni kama 4,047. Mzee kasikia, kamleta mpwa wake, kijana mfupi, hatua yake robo tatu ya mita. Akapima akatoa 2,756. Shamba lilelile, jua lilelile, na zaidi ya nusu heka imeyeyuka mbele ya macho yetu.

Nikatoa futi kamba. Mpangaji akasema imevutika. Mzee akasema hiyo ni ya msimamizi, na msimamizi naye ni yuleyule. Nikatoa simu ipime kwa setilaiti, ikasema nimesimama ndani ya mto. Wakacheka pamoja, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo mpangaji akasema, apime msimamizi. Kwa nini mimi? Akanionyesha kwa kidevu. Tangu nianguke na pikipiki mwaka juzi goti la kushoto halikunjiki vizuri, kwa hiyo hatua yangu moja ni ndefu na inayofuata ni fupi. Mzee akafikiri, akatikisa kichwa taratibu: "Huyu anamwonea kila mtu nusu kwa nusu."

Nikapima pande zote nne, watu kumi na wawili nyuma yangu wakihesabu kwa sauti kama kwaya. Hakuna aliyebisha. Vigingi vikapigwa palepale.

Habari zimesambaa. Kesho nina mipaka mitatu, keshokutwa miwili. Leo jioni nimemwomba mzee ruhusa ya siku moja nikaonane na daktari wa mifupa. Amekataa. Anasema nisiliguse hilo goti mpaka msimu uishe, na wapangaji, ambao hawajawahi kukubaliana naye kwa lolote, wamemuunga mkono wote.