Mlusina mpakani: malisho au gugu?

Januari jua linapokaza, mama wa Uru au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hulazimika kushuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe aliyefungwa bandani. Mwenye milusina mpakani mwa kihamba (shamba la nyumbani la Mchaga) hashuki. Anachukua panga, anakata matawi, jioni ng'ombe anatafuna. Kwa hoja hiyo moja tu, mti huu uliotoka Mexico umejipatia watetezi wengi Moshi.

Kuutambua si kazi. Wengi huuchanganya na mgunga kwa sababu ya vijani vyake vidogo vidogo vilivyopangwa kama manyoya, lakini pitisha kiganja kwenye tawi: hauna mwiba hata mmoja. Ua lake ni kitufe cheupe cha mviringo. Maganda ni bapa, hukauka yakawa ya kahawia, yakaning'inia kwa mashada na kuchakarika upepo ukipita.

Shida yote imo ndani ya maganda hayo. Mbegu ni nyingi, zina gamba gumu, na huweza kukaa ardhini miaka zikisubiri nafasi. Ukikata mti, kisiki kinachipua. Panapoachwa bila kukatwa, milusina husongamana hadi chini yake hapaoti kitu cha maana. Ndiyo maana umo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Watetezi wake hawasemi uongo: unarutubisha udongo kwa naitrojeni, majani yana protini nyingi, kuni zake nzuri. Wanachosahau ni mimosini, sumu iliyomo majanini. Punda, nguruwe na sungura wakiila sana hunyonyoka manyoya (na watoto wetu ndio wanaopenda kuwajazia sungura lusina tupu!). Ng'ombe na mbuzi huihimili zaidi, ila lusina isizidi theluthi ya chakula chao. Iliyobaki iwe nyasi au migomba.

Kwangu mimi, huu ni mti wa panga. Ukiwa karibu na banda, ukakatwa kabla maganda hayajakomaa, madhara yake ni madogo. Kwa hiyo anayesema ing'olewe yote simuungi mkono, na anayegawa miche bila kuuliza "una ng'ombe?" ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Mwenye shamba la mbali, asiye na mfugo wala mtu wa kulitazama, ningempa mche wa mringaringa, mti wetu wa asili wa kivuli na mbao.