Foleni ya Dar Inamaliza Oili Kuliko Spidi

Wenye magari ya spidi hapa Dar tuna ubishi usioisha: oili imwagwe baada ya kilometa ngapi? Mwenye Impreza ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi, atakwambia 3,000. Wa Altezza anasema 5,000. Wa BMW, ambaye kitabu chake cha Ulaya kinamruhusu kupita hata 15,000, anatuona wote tuna woga wa bure. Mimi naona wote watatu wanatazama saa isiyo yao. Kwa mji huu, kilometa ndicho kipimo kibovu kuliko vyote.

Piga hesabu. Mtu anayetoka Mbezi Mwisho kwenda Posta kila asubuhi na kurudi jioni, akibahatika, wastani wake ni kilometa 15 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilometa 5,000 ni zaidi ya saa 330 za injini kuunguruma. Mwenzake anayepanda Dodoma kila wiki kwa wastani wa 80 anazimaliza hizo 5,000 kwa saa 63 hivi. Dashibodi zao zinasoma sawa, stika za gereji zinasoma sawa, lakini oili ya wa kwanza imefanya kazi mara tano zaidi. Tena imefanya kazi mbaya: AC iko juu, feni inapiga kelele, upepo hauingii kwenye radieta, na gari lenyewe linasogea hatua mbili linasimama.

Kuna na wale wa safari fupi, kutoka Sinza hadi Mlimani City na kurudi, basi. Hao wanajiona wanalitunza gari. Lakini injini isipopata moto wa kutosha, mvuke wa maji na petroli isiyoungua vinapita pembeni ya ringi za pistoni, vinashukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kubaki humo. Oili inakuwa nyepesi na inaanza kutengeneza tope. Safari ndefu ya kwenda Bagamoyo ingevikausha, ila gari hilo haliendi Bagamoyo.

Watengenezaji hawajatuficha. Toyota huko Japani, ambako magari yetu mengi yametoka, kwa injini ya petroli isiyo na turbo wanasema kilometa 15,000 au mwaka mmoja. Yenye turbo, 5,000 au miezi sita. Halafu kuna mstari ambao wengi hatuusomi: matumizi yakiwa magumu, kata nusu, yaani turbo inashuka hadi 2,500 au miezi mitatu. Na matumizi magumu kwa maelezo yao si mashindano tu. Ni vumbi, safari fupi fupi, mwendo wa polepole na kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Nionyeshe gari la Dar ambalo halimo humo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Turbo inayokwenda kazini kila siku kwa foleni, mwaga kila baada ya miezi mitatu au minne, na kilometa zisizidi 4,000 hata iweje, ingawa najua hiyo ni zaidi ya ile 2,500 ya Toyota. Isiyo na turbo, Altezza au Mark X, 5,000 au miezi sita. Gari la wikiendi linalolala chini ya turubai, miezi sita hiyo hiyo hata kama limetembea kilometa 800. Na hapa nazungumzia oili nzuri, sintetiki kamili. Kuna wanaomwaga kila 2,000 kwa oili ya bei ya chini na kujisifu kuwa wanalipenda gari, kumbe hela ile ile ingenunua oili inayostahimili joto.

Turbo ndiyo inayofanya mambo haya yawe nyeti. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja una moshi wa ekzosi wenye joto la kuyeyusha alumini, na kinachoishikilia ni utando mwembamba wa oili tu. Oili iliyochoka inaungua pale na kuacha masizi magumu. Kwenye injini ya EJ20 ya turbo ya Subaru kuna vichujio vidogo vya waya ndani ya bolti za bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Ni vidogo mno, na masizi yakiviziba, turbo inakufa kwa kiu huku sampu imejaa. Ukinunua Forester au Impreza ya turbo, hata kama ni namba E inayong'aa, yaani imesajiliwa nchini juzi juzi, hilo bomba lifunguliwe kabla hujaanza kujaribu kasi Barabara ya Bagamoyo usiku.

Lakini nikiambiwa nichague kati ya kumwaga mapema na kupima mara kwa mara, nachagua kupima. Injini nyingi za Subaru zinazogonga hapa mjini zimeua beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), kwa sababu oili ilikuwa pungufu. Uzee wa oili ni kesi nyingine. Injini hizi zinakula oili, na mwenye nayo anasubiri taa nyekundu. Taa ile haipimi kiasi, inapima presha. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapo hapo, usiseme "nifike tu nyumbani". Kwenye kijiti cha kupimia, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja, na injini yenyewe inabeba lita nne na kitu. Ukikuta imegusa alama ya chini, karibu robo haipo. Kata kona kali ya kushuka daraja la Tanzanite kwa hali hiyo, oili yote inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa.

Pima kila unapojaza mafuta mara ya pili. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke. Subaru silinda zake zimelala, oili inachelewa kurudi chini, kwa hiyo ukipima haraka utadanganyika. (Porsche 911 za zamani, zile zinazopozwa kwa hewa, zinapimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Kwa hiyo soma kitabu cha gari lako, usinisikilize mimi tu.)

Sasa uzito wa oili. Fundi wa siku nyingi ana dawa moja: gari likizeeka, weka 20W-50. Atakwambia, "Bosi, joto la Dar hili linataka nzito." Hoja yake haiko mbali sana na ukweli, maana hata vitabu vya Subaru vya zamani vinaitaja 20W-50 kwa nchi za joto kali. Ila namba ya pili, ile 30, 40 au 50, inahusu oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100, na joto la injini linashikwa na themostati, iwe Lushoto au Mbagala. Injini zenye AVCS au VVT-i, mifumo ya kubadilisha muda wa vali kufunguka, zinatumia presha ya oili kusukuma vyuma kupitia vijitundu vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika asubuhi unapowasha. Turbo za umri wa namba C na D nazipa 5W-40. Gari ambalo kitabu chake kinasema 5W-30 na halili oili, liachie 5W-30 yake. Na 0W-20 iliyotengenezwa kwa ajili ya magari mapya ya kubana mafuta usiimimine kwenye turbo ya mwaka 2002 kwa sababu eti imeandikwa ni ya kisasa.

Geuza dumu usome herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili. SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020, na hizo ndizo za kutafuta. Madukani bado kuna madumu yameandikwa SF, daraja la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Yako halali kwa jenereta la baba mdogo. Herufi ikianza na C peke yake, hiyo ni ya dizeli.

Oili feki ni habari nyingine, na inauma. TBS na Tume ya Ushindani wanasaka bidhaa bandia, lakini hawatakuwepo kaunta siku unanunua. Ukiona chapa kubwa inauzwa nusu ya bei ya duka la tatu mbele, jibu unalo. Angalia muhuri wa kifuniko, namba ya toleo iliyopigwa kwenye dumu lenyewe na si kwenye karatasi tu, na wino usiofutika kwa kidole. Na ukimaliza kumimina, toboa dumu kwa bisibisi. Dumu zima lenye lebo safi lina mnunuzi wake, naye hanunui kuwekea maji ya kunywa.

Kazi yenyewe ya kumwaga haihitaji gereji kubwa. Inahitaji wewe usimame pale. Washa injini dakika tano ili oili ilegee, isiwe ya moto wa kubabua mkono. Gari linyanyuliwe kwa jeki lakini likae juu ya stendi, maana jeki peke yake haiaminiki mtu akiwa chini. Vua kava la chini, weka beseni, fungua kwanza kifuniko cha juu, ndipo nati ya sampu, spana namba 17 kwa Subaru na 14 kwa Toyota nyingi. Hapo fundi atachovya kidole, atasugua oili kati ya vidole viwili na kusema imekufa kwa sababu ni nyeusi. Weusi si ugonjwa. Oili nzuri inageuka nyeusi kwa sababu inaosha. Cha kumwuliza ni kama inanuka petroli, na kama kuna chenga zinazometameta.

Iache ichuruzike robo saa, usimruhusu afunge ikiwa bado inatiririka uzi. Wakati unasubiri, chukua filta ya zamani, ikate kwa msumeno, ukunjue karatasi yake juani. Rangi ya shaba au fedha iliyotapakaa kwenye mikunjo maana yake beringi zinaanza kuliwa, na hapo umepata nafasi ya kuokoa krenki kabla ya kutafuta mamilioni ya injini nyingine. Halafu tazama mpira wa filta ile: umetoka nayo au umebaki umeng'ang'ania kwenye injini? Ukibaki na filta mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haishiki, oili yote inarukia barabarani ndani ya dakika chache. Nimeona barabara ya mtaa imepakwa nyeusi kutoka gereji hadi dukani kwa sababu hiyo tu.

Mpira mpya upake oili, filta ifungwe kwa mkono, ikigusa iongezwe robo tatu ya mzunguko, basi. Mafundi wengine wanaikaza kwa mnyororo kama nati za tairi la fuso. Ile pete ndogo (washa) ya nati ya sampu iwe mpya, inauzwa kwa bei ya soda. Mimina lita nne kwanza, washa injini bila kukanyaga mafuta hadi taa izime, zima, subiri, pima, ndipo uongeze kidogo kidogo. Kujaza kupita alama nako kuna madhara: krenki inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Fundi akipendekeza kuosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya, mkatalie kwa adabu. Haitoki yote, inayobaki inachanganyika na oili uliyonunua zaidi ya laki, na kwenye turbo hilo ni tusi.

Mwambie pia aandike tarehe kwenye stika. Mafundi wengi wanaandika kilometa zijazo pekee, na gari la foleni linaweza kukaa miezi minane kabla ya kuzifikia.

Oili chafu usiiache imwagwe kwenye mtaro, mitaa yetu mingi bado inachota maji ya kisima. Itie kwenye dumu lolote kuukuu lisilo na lebo ya oili na uulize gereji ni nani anakusanya. Wapo wanaopita kununua, na mafundi seremala wanaitaka kwa ajili ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.