Kusoma huku unafungua biashara: Mombasa tunahukumu haraka

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba biashara yako ina wiki tatu na Alhamisi unapanda treni ya usiku kwenda kusoma Nairobi, jibu utalipata kabla hujamaliza: mshika mbili moja humponyoka. Nimelisikia barazani, nimelisikia Marikiti. Mzee mmoja wa maduka ya leso, Biashara Street, alimwambia hivi dada ninayemfahamu: "Mwanangu, mteja akikukosa mara mbili, ya tatu haji."

Mzee ana hoja, nami nitairudia. Lakini naona hukumu hii tumeizoea mno, na walioamua kusoma wakati huo huo wanapofungua biashara hawasikilizwi.

Ninazungumzia kozi fupi za uongozi wa biashara, zinazosomwa na mameneja na wenye kampuni. Chuo kikuu cha Strathmore, Nairobi, kinazo. Nyingi zimepangwa kwa vipindi: siku chache darasani, kisha mtu anarudi kazini kwake, kisha darasani tena. Harvard nao kozi yao ya wamiliki wa makampuni wameigawa vipindi vya wiki tatu tatu, ili mwenye mali asiiache muda mrefu. Ule muda wa kurudi kazini ni sehemu ya somo.

Yule dada ananunua samaki kwa wavuvi wa Old Town na Likoni, anawasafisha, anawatia kwenye makasha ya barafu na kuwapeleka hoteli za Nyali kwa tuktuk. Daftari lake nimeliona kwa macho yangu. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mauzo, na mauzo yalikuwa yanapanda kila wiki. Wa kulia, ulioandikwa "Zilizolipwa", ulikuwa mtupu. Mvuvi hulipwa palepale samaki anapotoka majini. Hoteli hulipa baada ya siku 60.

Alianza na mtaji wa shilingi 400,000. Alikuwa ananunua samaki wa 8,000 kwa siku, na katika wiki tatu, kwa siku 18 za kununua, alikuwa ameshatoa 144,000. Hapo hoteli ya pili ikamwita, kwa masharti yale yale, na manunuzi yangepanda hadi 20,000 kwa siku. Nyumbani walimpongeza. Darasani mwalimu alimwambia achore mstari wa siku 60 na aweke alama kila pesa inapotoka na kila inapoingia. Mtaji uliobaki, 256,000, ungemfikisha siku 12 tu za kununua, na hundi ya kwanza ilikuwa bado siku 39. Kwa hiyo mteja mpya aliyekuwa akimfurahia ndiye angemfungia biashara. Aliporudi aliiomba hoteli ya pili imlipe kila wiki, naye akapunguza bei kidogo. Wakakubali.

Hesabu hiyo si ngumu, na yule mzee wa leso anaijua vizuri kuliko mwalimu yeyote. Ila yeye alijifunza kwa miaka, kwa hasara zake mwenyewe, akiwa na duka la baba nyuma yake la kumshika anapoteleza. Asiye na duka la baba anajifunzia wapi, na kwa mtaji wa nani?

Wanaopinga wana utafiti mzito upande wao, na nimeutafakari muda mrefu kwa sababu ulifanywa hapa hapa Kenya. Watafiti waliwachukua wanawake wa Dandora, Nairobi, wenye biashara ndogo na changa. Baadhi walipelekwa darasa la biashara. Wengine waliunganishwa na mama mfanyabiashara wa mtaa ule ule aliyekwisha kufanikiwa, awe mshauri wao. Matokeo yalichapishwa 2018: walioshauriwa faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Walioingia darasani faida yao haikupanda.

Mtu akikusomea matokeo hayo, unaona mzee ameshinda. Lakini tuulize walichopewa na wale akina mama washauri. Walipewa habari za mahali: bidhaa fulani zinauzwa wapi kwa bei nafuu, nani wa kununua kwake. Na walipoacha kukutana, ile faida ya ziada ikafifia. Kilichoinua faida, basi, kilikuwa mtu anayekuuliza wiki hii umefanya nini, na anayejua soko lako. Darasa la kuhubiriwa halina mtu huyo. Kozi ya mameneja, ikiwa nzuri, inaweza kuwa naye, kwa sababu aliyekaa kiti cha pili huenda ndiye anayenunulia hoteli samaki. Nakiri kwamba akina mama wa Dandora si wanafunzi wa kozi hizi, na kwamba mwenzako wa Nairobi hajui barafu ya Likoni ni bei gani. Hilo ni pungufu la kweli.

Kuna na Togo. Mjini Lomé wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi, na matokeo yakachapishwa 2017. Waliofundishwa kujituma, kutazama mbele na kutokata tamaa waliongeza faida kwa asilimia 30. Waliofundishwa mahesabu na masoko kwa njia ya kawaida waliongeza 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Madarasa hayalingani, na anayelipa ada aulize kwanza atafundishwa nini.

Sasa hoja ya mzee. Samaki hawamngoji mwenye mali. Ukiondoka Alhamisi, kijana uliyemwachia mizani ndiye biashara yako hadi Jumatatu. Treni daraja la kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kisha malazi, kisha ada yenyewe. Meneja hulipiwa na mwajiri, na mwajiri anayetoa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi anaweza kuidai NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, imrudishie sehemu ya gharama. Aliyefungua mwezi huu anatoa kwenye zile zile za kununulia barafu. Kwa mwenye mtaji wa mwezi mmoja tu, na asiye na wa kumwachia, namwambia wazi: asubiri.

Wengine wote naona watazame kalenda ya pwani. Kusi likivuma bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku. Aprili hadi Juni hoteli nyingi ni tupu, nyingine zinafunga kabisa. Dada wa samaki alisoma miezi hiyo, na siku alizokosekana hazikuwa na samaki wengi wa kuuza. Wanaotoa kozi hizi wangeleta vipindi vyao Mombasa wakati huo, vyumba vya mikutano vya hoteli viko wazi na bei yake iko chini, na darasani wangekaa watu wanaojua barafu ya Likoni ni bei gani.